Marago ya Kwanza

Wazee wa misafara wa Mrima, wale waliokuwa wakitoka Bagamoyo, Saadani na Pangani kwenda bara kutafuta pembe, walikuwa na ada moja ambayo mgeni aliyeiona kwa mara ya kwanza aliistaajabia, na pengine akaikasirikia: siku ya kuondoka, baada ya majuma ya kukusanya wapagazi, kupima mizigo, kufunga majora ya nguo na kuhesabu shanga, baada ya ngoma na milio ya bunduki na machozi ya buriani, msafara ulikwenda mwendo mfupi mno, usiozidi mwendo wa mtu aendaye kutazama shamba lake, kisha ukatua, watu wakapiga marago, na mji walioutoka asubuhi ulikuwa bado karibu kiasi cha kusikika jogoo wake. Henry Morton Stanley, alipotoka Bagamoyo tarehe 21 Machi 1871 kwenda kumtafuta Livingstone, alilala siku ile mahali palipoitwa Shamba Gonera, ambapo kwa hesabu yake mwenyewe palikuwa maili tatu na robo tu kutoka mjini, mwendo wa saa moja na nusu.

Haukuwa uvivu. Siku ya kwanza ilikuwa mizani, na walioiweka ada hiyo walijua wakipimacho: mpagazi aliyefungiwa mzigo wa frasila mbili, yaani kiasi cha ratili 70, hawezi kujua kama kamba imekaa vizuri mpaka autwike na kutembea nao jua likiwaka, mpishi hakumbuki kwamba kaacha mwiko mpaka wakati wa kuutaka mwiko, na yule aliyekwisha kupokea ujira wa mwanzo akaingiwa na nia ya kutoroka, hutoroka usiku wa kwanza, ambao ndio usiku mwema wa kutorokwa, kwa kuwa mnyapara aweza kurudi mjini kabla ya adhuhuri akatafuta mtu mwingine. Aghalabu msafara uliovuka siku hiyo kwa salama ulikuwa umekwisha kuondokewa na robo ya matatizo yake.

Ada hii hunijia moyoni kila ninaposoma habari za wasafiri wa jinsi nyingine kabisa, wale watu wa Ulaya na Marekani ambao kwa muda wa zaidi ya karne moja sasa wamekuwa wakipanda baiskeli peke yao, nyumba yao imekunjwa na kufungwa kwenye chuma, wakaondoka mlangoni kwao kwa nia ya kwenda nchi za mbali na kulala popote giza litakapowakuta. Mtu wa namna hiyo hana mpagazi wa kumtoroka, wala kirangozi wa kumtangulia na bendera, wala mnyapara wa kumgombeza. Vyeo vyote hivyo amevikusanya katika mwili mmoja, naye ndiye awezaye kutoroka. Nikataka kujua siku yake ya kwanza ilikuwaje, na ilianzia wapi.

Kwa kadiri ya kumbukumbu zilizoandikwa, mahali pa kuanzia ni gati ya Oakland katika jimbo la California, tarehe 22 Aprili 1884. Saa mbili ya asubuhi siku ile, kijana mmoja wa umri wa miaka 29, Thomas Stevens, mzaliwa wa Berkhamsted nchini Uingereza aliyehamia Marekani angali mdogo na kufanya kazi za mikono huku na huku, migodini Colorado ikiwa mojawapo, alivushwa ghuba kutoka San Francisco akiwa na baiskeli yake, akapokewa na kikundi kidogo cha waendesha baiskeli wa miji ile miwili, ambao kwa maneno yake mwenyewe waliletwa pale na udadisi wa kutazama mtu akianza safari. Wakamtakia heri, akapanda, akashika njia ya San Pablo kuelekea mashariki. Hapakuwa na zaidi. Nia yake ya kwanza ilikuwa kuivuka nchi ya Marekani mpaka Boston, jambo ambalo wengine walikuwa wamelijaribu kwa baiskeli bila ya kulimaliza, na waungwana wale wa gatini walikuwa na haki kamili ya kudhani kwamba watamwona tena kabla ya mwezi kuandama.

Yapasa tuitazame baiskeli yenyewe, kwa kuwa msomaji wa leo akisikia neno hilo huona magurudumu mawili yaliyo sawa, mnyororo, na keria nyuma ya kuwekea gunia la mkaa. Ile ya Stevens ilikuwa Columbia, iliyotengenezwa na kiwanda cha Albert Pope, na gurudumu lake la mbele lilikuwa na kipenyo cha inchi 50, zaidi ya nusu ya kimo cha mtu mrefu, na la nyuma dogo mfano wa sahani ikifuata nyuma ya sinia. Mpandaji alikaa juu ya lile kubwa, karibu kabisa na kitovu cha uzito, pedali zikiwa zimeshikamana na ekseli yenyewe, mpira wa gurudumu ukiwa mpira mtupu usio na hewa. Jiwe dogo likizuia gurudumu la mbele, chombo chote kilipinduka na mpandaji akatangulia kwa kichwa. Baiskeli ya magurudumu sawa, Rover ya John Kemp Starley, haikutoka mpaka 1885, na tairi la hewa la Dunlop halikuja mpaka 1888. Mtu huyu aliondoka kwa chombo ambacho baada ya miaka michache kingewekwa darini.

Na juu ya chombo hicho hapakuwa na mahali pa mzigo. Kile alichobeba Stevens kimetajwa mara nyingi, na kila mara orodha yake hunishangaza kwa ufupi: soksi, shati moja la akiba, bastola, na koti la mvua ambalo usiku lilikuwa hema na matandiko. Basi. Mpagazi mmoja wa Bagamoyo angaliutwaa mzigo huo kwa mkono wa kushoto akauliza ulipo mzigo wenyewe.

Koti hilo ndilo linalonivuta. Katika msafara wa Mrima, hema la bwana lilikuwa mzigo wa mtu au watu wawili. Vyungu vilikuwa mzigo wa mtu. Masurufu yalikuwa mizigo ya watu kadha wa kadha, na watu hao nao walihitaji masurufu, ambayo yalihitaji watu. Hivyo msafara ulinenepa kwa kujilisha wenyewe, mithili ya deni la riba. Mtu apandaye baiskeli peke yake hana njia ila kuigeuza hesabu hiyo kichwa chini. Kila kitu lazima kifanye kazi ya vitu viwili au vitatu, na kisichoweza kufanya hivyo kibaki nyumbani. Koti la mvua limekuwa paa, limekuwa mkeka, na watu watatu wamefutwa katika daftari la ujira.

Nililijua jambo hilo kwa mwili wangu kabla ya kulijua kwa vitabu. Nilipokuwa kijana nilitoka Tanga kwenda Pangani kwa baiskeli, nimedhamiria kulala njiani siku mbili ufukweni kama wavuvi walio dagoni, na katika keria nilifunga kwa vipande vya mpira wa ndani sufuria mbili, kikaango, taa ya chemni, mkeka, blanketi, kibaba cha mchele na nazi tatu, nikaona nimejitengeneza. Nilipofika Tongoni, ambako si mbali, baiskeli ilikwisha kuangushwa mara nne na uzito wa nyuma, na chemni ilikuwa vipande. Bibi mmoja aliyekuwa akianika mtama uani kwake alinitazama nikifungua na kufunga upya, akaniuliza, “Mwanangu, wahama au watembea?” Nikamwachia sufuria moja, kikaango na nazi mbili, nikamwambia nitapita kuvichukua siku ya kurudi, naye akavipokea kama mtu aliyezoea kuwekewa amana na vijana wa aina yangu. Marago yangu ya kwanza yalikuwa pale pale, nyuma ya magofu ya msikiti, nami nilikuwa nimekusudia kulala Kigombe.

Tumrudie Stevens, tuliyemwacha katika njia ya San Pablo. Maili saba za mwanzo zilikuwa za barabara iliyotiwa kokoto nusunusu, akaenda kwa furaha. Kisha barabara ikabadilika. Mvua za msimu uliopita, ameandika, zilikuwa nyingi kuliko za mwaka wowote tangu 1857, ambao kwetu ndio mwaka Burton na Speke walipotoka Kaole kwenda kuyatafuta maziwa, na maji hayo yalikuwa yameikwangua njia ikabaki mawimbi matupu, mawe yakitokeza vichwa katikati yake. Kwa mtu aliyeketi juu ya gurudumu la inchi 50, kila jiwe la namna hiyo ni swali linalotaka jibu upesi. Kijiji cha San Pablo kiko maili 16 hivi kutoka alipoanzia, na nchi yote ile, ambayo leo imejaa nyumba na mitambo ya mafuta, ilikuwa malisho na mashamba ya ngano kando ya maji.

Mbele yake ulikuwako mlango wa maji wa Carquinez, ambao haukuwa na daraja wakati ule, na njia ya kuuvuka ilikuwa Port Costa, ambako tangu 1879 chombo kiitwacho Solano, kikubwa kuliko vyombo vyote vya kuvushia vya zama zake, kilikuwa kikibeba magari ya moshi mazima mazima, injini na mabehewa yake, na kuyapeleka ng’ambo ya Benicia. Nayaona makutano hayo kuwa sura nzuri kuliko zote za mwanzo wa safari ile: behewa kwa behewa la watu waliolipa nauli ya kwenda mashariki, ambao wangefika Boston kwa siku chache huku wamekaa, na baina yao mtu mmoja ameshika chuma chake kirefu, aendaye huko huko, ambaye angefika baada ya miezi. Reli ile ya kukata bara zima ilikuwa na umri wa miaka 15 tu, tangu ilipokamilishwa mwaka 1869, na bila ya reli hiyo safari ya Stevens isingaliwezekana, kwa sababu ambayo wapenzi wa baiskeli hawapendi kuitaja. Barabara hazikuwapo. Baada ya Benicia nchi huingia katika kinamasi cha Suisun, matete na tope, na penye tope hapo baiskeli haikuwa chombo cha kupandwa bali cha kusukumwa, na mahali pakavu pa kuisukumia ni juu ya tuta la reli, gurudumu likirukaruka katika mataruma moja baada ya moja. Katika milima ya Sierra Nevada alipita karibu maili 40 ndani ya mapaa ya mbao yaliyojengwa kuikinga reli na theluji, gizani, katika moshi, akisikiliza kama treni yaja. Makarani na vibarua wa reli walimpa chakula na mahali pa kulala mara nyingi katika majangwa ya Nevada.

Kwa hiyo neno “peke yake,” ambalo limeandikwa juu ya safari hii tangu siku ile, lataka kusomwa kwa hadhari. Alikuwa peke yake kwa maana ya kwamba hakuwa na mwenzi wala mtumishi. Lakini wapagazi hawakutoweka; waligeuka. Waliotandika mataruma yale, wengi wao Wachina waliokuja California kwa mkataba, walikuwa wamekwisha kumbebea mzigo wake mkubwa kuliko yote, nao ni njia, miaka 15 kabla hajaifikia.

Alifika Boston tarehe 4 Agosti 1884, saa nane ya mchana, baada ya siku 103 na nusu, katika hizo siku 20 zikiwa za kukaa tu kwa ajili ya mvua na mengineyo, na zaidi ya thuluthi moja ya njia, kwa kukiri kwake, aliitembea kwa miguu. Mengine ni maarufu na nitayapita haraka: majira ya baridi New York akiandikia gazeti la Outing, Pope kumpa baiskeli mpya, Liverpool mwezi Mei 1885, Ulaya, Stambuli, kisha Tehran ambako alikaa majira ya baridi na kumwonyesha Shah Nasir al-Din namna ya kupanda, kukataliwa Afghanistan, India, China, na Yokohama tarehe 17 Desemba 1886. Alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia kwa baiskeli. Kitabu chake kilitoka katika majuzuu mawili.

Lakini koti la mvua si hema, na desturi ya kubeba nyumba juu ya baiskeli haikuanzishwa na baharia wa nchi kavu kama Stevens. Ilianzishwa na fundi wa kushona nguo. Thomas Hiram Holding, mwenye kazi hiyo mjini London, aliyezaliwa 1844, alikuwa amevukishwa mbuga za Marekani na wazazi wake mwaka 1853, mtoto wa miaka tisa, katika msafara wa magari ya kukokotwa, wakipiga kambi kila jioni. Na nadhani mtu aliyelala utotoni chini ya turubali kwa miezi mizima hawezi tena kulitazama jora la kitambaa kama watu wengine walitazamavyo. Alipokuwa mtu mzima alijaribu kupiga kambi kwa mtumbwi huko Uskoti, kisha akaleta sanaa yake ya sindano katika shida ya uzito. Alikata hema la hariri. Akatengeneza vyombo vya kupikia vilivyoingiana. Mwaka 1897 yeye na wenziwe wachache walizunguka Connemara, upande wa magharibi wa Ireland, kwa baiskeli, wakilala katika mahema hayo, na mwaka uliofuata akatoa kitabu juu ya safari hiyo, ambacho ndani yake aliwakaribisha wasomaji wamwandikie. Walioandika wakawa ndio chama cha wapiga kambi wa baiskeli, kilichoasisiwa 1901. Chama hicho kingaliko mpaka leo kwa jina lingine.

Hariri! Ni kitambaa ambacho katika miji yetu kilikuwa cha vilemba na mashuka ya maharusi, naye akakitandaza juu ya majani ya umande wa Ireland kuzuia mvua. Ustadi wa fundi yule ulikuwa katika kuelewa kwamba msafiri wa baiskeli ahitaji si nyumba ndogo bali nyumba nyepesi, na kwamba vitu hivyo viwili si kimoja, kwa maana hema dogo la turubali zito halimfai, na hema kubwa kidogo la hariri lamfaa. Mwaka 1908 alitoa kitabu kinene cha mwongozo kwa wapiga kambi wa kila namna, na wengi humwita baba wa kambi za kisasa.

Wazee waliotawala chama kile baadaye wanatuleta karibu na kwetu kwa njia isiyotazamiwa. Rais wake wa kwanza alikuwa Kapteni Robert Falcon Scott, yule aliyekwenda Ncha ya Kusini na kufa hemani mwake mwaka 1912, katika barafu. Na baada ya Vita Vikuu vya Kwanza urais ulikwenda kwa Baden-Powell, mwanzilishi wa Skauti, ambaye alimalizia umri wake Nyeri nchini Kenya, akafa huko tarehe 8 Januari 1941, na kaburi lake liko pale, likielekea mlima.

Katikati ya Stevens na fundi Holding kuna watu wengine waliotoka peke yao, na siku zao za kwanza hazifanani. Frank Lenz aliondoka Pittsburgh mwezi Mei 1892 na kamera yake, akaelekea magharibi kuizunguka dunia, akapotea katika milima ya Uturuki upande wa Erzurum mwaka 1894, asionekane tena. Mwaka huo huo wa 1894, mwezi Juni, mbele ya jumba la serikali la Boston, Annie Cohen Kopchovsky, mama wa watoto watatu, mhamiaji kutoka Latvia, alipanda baiskeli ya Columbia yenye uzito wa ratili 42 akiwa amevaa sketi ndefu, na juu ya chombo chake pamebandikwa tangazo la kampuni ya maji ya chemchemi ya Londonderry, iliyomlipa dola 100 kwa kazi hiyo. Ndipo alipochukua na jina la kampuni, akajulikana kwa Annie Londonderry. Alibeba nguo za kubadili na bastola yenye mpini wa lulu. Kwake yeye mizani ya mwanzo haikuwa siku moja. Ilichukua njia nzima mpaka Chicago, na huko akayaacha makosa yote mawili, sketi na chuma kizito, akatwaa baiskeli ya kiume aina ya Sterling yenye ratili 21, nusu kamili ya ile ya kwanza, na mavazi yaliyofaa. Bibi wa Tongoni angalimpokelea vitu vyake bila ya kuuliza swali.

Kuna pia siku ya kwanza isiyoonekana na watu. Dervla Murphy, mwanamke wa Lismore nchini Ireland, alitoka Dunkirk tarehe 14 Januari 1963 kwenda India kwa baiskeli, katika majira ya baridi ambayo Ulaya haikuwa imeyaona kwa miaka mingi, barabara zikiwa kioo, mikono ikifa ganzi juu ya usukani. Baiskeli yake aliiita Roz, kwa kufupisha jina la farasi wa Don Quixote. Alikuwa ameing’oa gia zake kwa kuona kwamba hazitaistahimili njia, na ndani ya mfuko alikuwa na bastola. Kila akisimulia mwanzo wa safari hiyo, hata hivyo, hakuanzia Dunkirk. Alianzia mwaka 1941, siku ya kuzaliwa kwake alipotimiza miaka kumi, ambapo alipewa baiskeli kuukuu na kitabu cha ramani, na siku chache baadaye, akipanda kilima kirefu karibu na kwao, akaitazama miguu yake ikizungusha pedali, akajiambia kwamba akiendelea hivyo hivyo kwa muda wa kutosha atafika India. Kisha alishuka kilima, akarudi nyumbani, na kwa zaidi ya miaka 20 hakwenda, kwa kuwa mama yake alikuwa mgonjwa asiyejiweza, na yeye ndiye aliyemwuguza. Mama alifariki 1962. Sijui msafara gani wa Mrima uliopata kukaa marago ya kwanza kwa muda huo wote, mizigo imefungwa, mji ungali ukionekana. Delhi aliifikia mwezi Julai 1963. Na alipokuwa mtu wa miaka 60 alipita na kwetu, akaendesha baiskeli kutoka Kenya mpaka Zimbabwe, na kitabu alichokiandika juu ya njia hiyo amekipa jina lenye neno la Kiswahili ndani yake, Ukimwi, kwa kuwa ndilo neno alilolisikia kila alikolala.

Nimemweka Stevens mwisho tena kwa makusudi, kwa kuwa hadithi yake haikukomea Yokohama, na sehemu yake iliyobaki haisimuliwi sana na wapenzi wa baiskeli. Mwanzoni mwa mwaka 1889, gazeti la New York World lilimtuma Afrika ya Mashariki kutafuta habari za Stanley, aliyekuwa amepotea bara katika safari ya kumwokoa gavana Emin Pasha. Mtu aliyeizunguka dunia na shati moja la akiba akateremka Unguja, mahali ambapo hapana aliyewahi kusafiri namna hiyo. Bara ya wakati ule, na Mrima wote uko katika vita vya Abushiri bin Salim na Wajerumani, haikuwa na mataruma ya kusukumia baiskeli, wala karani wa reli wa kumpa sahani ya maharage. Sarafu yake ilikuwa nguo na shanga, na sarafu hiyo ilikuwa na uzito, na uzito ulitaka vichwa vya watu. Ikamlazimu afanye kama wafanyavyo watu: akaajiri wapagazi, akafunga mizigo, akaenda na msafara mpaka pande za Kilimanjaro na kurudi. Kitabu alichokitoa mwaka uliofuata kimeandikwa na mtu yule yule mchangamfu, lakini msomaji ahisi tofauti ya mtu aliyezoea kujihesabu mmoja, na sasa kila asubuhi lazima ahesabu wengi.

Mwishoni mwa Novemba 1889 alikuwa miongoni mwa watu wa magazeti wa mwanzo kabisa kumfikia Stanley, vituo vichache kabla ya pwani. Msafara uliokuwa ukija ulikuwa wa mamia ya watu, wagonjwa, watoto, wanawake wa Emin na watumishi wao, na wale waliobaki katika wapagazi wa Unguja walioondoka karibu miaka mitatu nyuma. Tarehe 4 Desemba Wissmann, mkuu wa Wajerumani katika vita vile, aliwapelekea Stanley na Emin farasi kwenye kivuko cha Mto Kingani, nao wakatangulia mjini wamepanda, na wenye mizigo wakafuata nyuma kwa miguu, juu ya ardhi ile ile ya kuingilia Bagamoyo ambayo miaka 18 kabla yake Stanley aliikata kwa saa moja na nusu, akasimama, akaamuru mahema yapigwe, na kuwangoja waliorudi mjini kutafuta walivyosahau.